Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kuhamia Chuo Kidogo

Mwanangu Mwanaisha,

Sauti uliyonitumia Jumatano usiku nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa barazani peke yangu ili mama yako asinione uso. Umeuliza: "Baba, nikitoka chuo kikuu hiki nikahamia kile chuo cha miaka miwili karibu na kwa shangazi, ndiyo basi tena, sitacheza mpira wa kulipwa?"

Si basi. Na nina mtu wa kukuonyesha. Utacheka, maana ni yuleyule Sheryl Swoopes, Mmarekani wa mpira wa kikapu, niliyekuchosha naye tangu ukiwa darasa la sita. Ila kuna sehemu ya habari yake ambayo sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa nilikuwa nakimbilia ile ya makombe.

Swoopes alizaliwa 1971 Brownfield, mji mdogo wa mashamba ya pamba magharibi mwa Texas. Alilelewa na mama yake, akajifunza kikapu kwa kusukumana na kaka zake. Alipomaliza sekondari alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, na wakati ule kwa mpira wa wanawake pale palikuwa miongoni mwa mahali pakubwa. Alikaa siku chache tu. Nyumbani kulimzidi nguvu, akafunga mizigo akarudi, akaingia South Plains, chuo cha miaka miwili katika mji wa Levelland, jirani na kwao. Bila shaka walikuwepo waliosema amejimaliza.

Mwaka wa pili pale alitajwa mchezaji bora wa vyuo vya aina hiyo nchi nzima. Ndipo akahamia chuo kikuu cha Texas Tech, Lubbock. Aprili 1993, fainali ya taifa ya vyuo vikuu dhidi ya Ohio State, alifunga pointi 47 katika ushindi wa 84 kwa 82. Mimi ni refa, kwa hiyo kinachonikaa kichwani ni mitupo ya adhabu: alipata 11, akatia zote 11. Timu ilishinda kwa pointi mbili, mwanangu. Angekosa mitatu tu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Hata baada ya hapo mlango haukuwa wazi. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake kule Marekani, haikuwepo bado. Alikwenda Italia, akacheza mechi chache, akarudi. Akachukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996 na timu ya taifa, na ligi ilipofunguliwa Juni 1997 akawa kitandani anajifungua! Agosti alikuwa uwanjani na Houston Comets, wakabeba ubingwa ule na mitatu iliyofuata.

Sasa tuje kwako. Usijilinganishe naye kwa pointi, jilinganishe kwa njia. Na hapa kwetu Kenya mtazame Madina Okot: sekondari ya Kaya Tiwi, kisha Chuo Kikuu cha Zetech, ndipo vyuo vikuu vya Marekani, Mississippi State, kisha South Carolina. Hakurukia juu moja kwa moja.

Sikufichi hesabu lakini. Mwaka 2024 WNBA ilikuwa na timu 12, kila moja haizidishi wachezaji 12. Piga hesabu: nafasi 144 kwa dunia nzima, na aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka ule alianza na mshahara wa dola 76,535. Timu zimeongezeka tangu hapo, lakini bado ni tundu la sindano. Ulaya kuna ligi nyingi zaidi, na huko ndiko ninakokuona mimi, ukiniuliza kwa ukweli.

Kinachonitia wasiwasi si ukubwa wa chuo. Ni ulivyosema unakula chumbani, na kwamba kocha ulipomweleza alikujibu "utazoea" akaendelea kuandika. Mchezaji asiyekula haruki. Kwa shangazi yako Dallas utapata angalau wali wa nazi Jumamosi, na mtu wa kukusema ukichelewa kurudi.

Kabla hujamjibu yeyote, fanya mambo mawili. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize visa yako inahamaje. Usimwulize mchezaji mwenzako. Halafu upate kwa maandishi masomo yapi uliyofaulu yatahesabiwa huko, na yapi chuo kikuu cha baadaye kitayakubali. Ufadhili wa maneno matupu usiupokee, hata kama anayeusema anacheka vizuri.

Mama yako ameshaambiwa. Alinyamaza, kisha akauliza kama huko Dallas kuna iliki, maana ya hapa anaweza kumpa mtu anayesafiri mwezi ujao. Nipigie Jumapili baada ya magharibi ya huku. Nina mechi Makande saa nane mchana, nitakuwa nimesharudi.

Baba yako