Barua kwa mwanangu: swali na jibu umeviandika kwenye meseji moja

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako ya juzi niliisoma, nikaiacha, nikairudia usiku baada ya kuwafungia kuku, nikaona hii nikijibu kwa voisi ntaanza kufoka bure, bora niandike. Itakuwa ndefu, isome watoto wakishalala.

Umesema mchungaji wenu alihubiri juu ya dhambi tunazozipuuza, zile tulizozizoea mpaka hatuzioni, ukarudi nyumbani ukachukua daftari kabisa ujichunguze na ukakosa cha maana cha kuandika. Hunywi, huibi, ndoa yako umeitunza, fungu la kumi unatoa, kwaya huikosi. Lakini ukipiga magoti unasikia maombi hayaendi popote, na ukaniuliza, mama, mtu anaanzaje kushughulika na dhambi ambayo haioni? Swali zuri tu, wala sikucheki. Ila hapo hapo chini, baada ya kuulizia mgongo wangu, ukaandika kwamba dada wa kazi anataka kurudi kwao Kongwa kabla ya mvua, na anakusumbua kuhusu hela yake ya miezi miwili uliyokuwa unamtunzia, na hiyo hela ulishalipia ada ya mtoto, kwa hiyo umemwambia asubiri mpaka Januari, na eti nimuombee awe na subira.

Mwanangu jamani! Swali umeliuliza juu na jibu umeliandika mwenyewe chini, mistari minne haijapita, na hukuona.

Ngoja nikugombeze kidogo halafu tuendelee. Mlikubaliana 60,000 kwa mwezi, miezi miwili ni 120,000. Ukimwambia mtu nakutunzia, yeye anajua ipo mahali, iwe kwenye bahasha, iwe kwenye simu, popote, na siku akiihitaji anaikuta. Ukishaitoa ukapeleka shuleni huko siyo kutunza tena, umekopa kwa mtu ambaye hajui kama amekukopesha. Na hebu kaa ulifikirie vizuri hili, muhula huu mtoto wako anasomeshwa na nani? Binti aliyeishia darasa la saba kutoka Kongwa, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kumpigia pasi yunifomu, ndiye huyo huyo anayemlipia ada ya inglishi midiamu. Halafu tunamuombea yeye awe na subira.

Umejitetea kwamba mwenyewe hana neno, ukimwambia subiri anasema sawa mama. Sasa atasema nini? Analala kwako, anakula kwako, simu yake ikiisha chaji anaomba chaja yako. Soma Yakobo 5:4 taratibu, pale hakuandika kwamba wafanyakazi ndo wanapiga kelele, ameandika ujira wenyewe uliozuiliwa ndo unaopiga kelele, na vilio vimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Yaani binti anaweza kunyamaza kimya, anaosha vyombo zake, na hela yake inaongea. Na Walawi 19:13 ni kali zaidi, mshahara wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Usiku mmoja tu, we una miezi miwili na unaomba Januari. Mi siyo nabii lakini kama maombi yako hayaendi mbali, mimi ningeanza kutafutia hapo.

Na hiyo Januari yako ina shida nyingine ambayo watu wa mjini mmeisahau. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, zinaanza Desemba hivi zinaishia Aprili, hakuna vuli wala masika kama wenzetu wa Pwani. Hela ya Novemba inakodi trekta, inanunua mbegu ya alizeti, mtu anakutwa na mvua shamba limeshalimwa. Hela ya Januari inakuta majirani wanapalilia. Kwa hiyo ukimlipa Januari 120,000 ile ile utakuwa umemrudishia noti lakini msimu hujamrudishia, na msimu ukipita Dodoma hii unaujua, ni njaa mpaka mwaka kesho. Ndo maana nasema hii siyo ya kuombea wiki mbili kwanza upate amani, ni ya kulipa.

Tukirudi kwenye swali lako, kwa nini hukuiona wakati ulikaa na daftari? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ulikuwa unajiuliza mwenyewe. Daudi alishasema Zaburi ya 19, ni nani awezaye kuyatambua makosa yake. Tena ulikuwa unatafuta ulichofanya, wakati hili ni kitu ambacho hukufanya, hukulipa. Na sisi Waanglikana hatuna hata kisingizio maana kwenye ile sala ya maungamo ya asubuhi tunaanza kutaja yale yaliyotupasa tukayaacha, halafu ndo yanafuata yale tuliyoyatenda. Tumeisema tangu utotoni mpaka mdomo unaenda wenyewe, huku akili iko kwenye wali uliouacha jikoni.

Dhambi iliyopuuzwa, mwanangu, imepuuzwa na aliyeifanya tu. Aliyefanyiwa anaikumbuka mpaka na tarehe. Ule msemo wa wahenga wa nani husahau na anayezoa hasahau unaujua, siumalizii maana hii ni barua ya mambo ya Mungu.

Babu yako, baba yangu, aliokoka kwenye ule uamsho wa zamani, ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenda Uganda na Kenya mpaka ukafika huku kwetu kwenye dayosisi ya Central Tanganyika. Siku hizi mtu akiokoka anatafuta maiki kwanza. Wale ndugu wa uamsho kitu cha kwanza walikuwa wanarudisha. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatatu unamkuta njiani kabeba jembe la mwenzake au sufuria, au anaenda kumwambia mtu nilikusemea uongo kwa chifu. Pale chuo cha St. John's unapopita kila siku zamani palikuwa Alliance sekondari, baadaye pakaitwa Mazengo, na miaka ya 1940 na 1950 alifundisha pale Festo Kivengere wa Uganda, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Kigezi na ikabidi amkimbie Idi Amin mwaka 1977. Huyo alipookoka alipanda baiskeli akaenda kama maili 50 kumwomba radhi mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa anamchukia. Maili 50 kwa baiskeli, na we dada yuko chumba cha pili.

Sasa babu yako yeye alikuwa na mbuzi jike ambaye siyo wake. Aliingia kwenye zizi lake jioni moja na kundi, babu akanyamaza, na mwenyewe hakuja kuuliza, basi ikaisha hivyo, mbuzi akazaa. Alipookoka akamfunga kamba yule mama na watoto wake wawili akawapeleka kwa jirani, mi nilikuwa mdogo nawaswaga kwa nyuma na fimbo. Akaanza kueleza pale uani, anajikanyaga kanyaga, yule mzee anamsikiliza tu huku ananusa ugoro, alipomaliza mzee akamshika mbuzi kichwa akakunja sikio la kushoto akamwonyesha chale mbili, alama yake. Akamwambia, nilikuwa namwona kila siku akinywa maji kisimani, nikasema ngoja nione huyu mtu wa kanisa atakaa naye mpaka lini.

Unaona? Alikuwa anajua muda wote, wanasalimiana kila asubuhi na anajua, na kila akimwona babu kabeba Biblia anakumbuka mbuzi wake. Dada wako naye anajua. Alimwona mtoto kavaa yunifomu mpya, hakuhitaji kuambiwa.

Cha kufanya ni hiki. Walawi 6 inasema aliyezuia mali ya mwenzake arudishe yote kamili na aongeze sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 120,000 ni 24,000, jumla 144,000. Hatuko chini ya torati, najua utaniambia, mwenzako nimesoma Wagalatia pia, lakini Zakayo naye alirudisha mara nne, kwa hiyo sehemu ya tano ni nafuu. Tena usichanganye mambo, Yesu alimwambia Zakayo shuka upesi leo nitashinda kwako kabla Zakayo hajarudisha hata senti, akaingia ndani, akapokelewa, ndipo huyu akasimama akaanza kugawa. Hulipi ili usamehewe. Msamaha ni wa damu ya Yesu, 1 Yohana 1:9 ipo pale pale. Ila mtu aliyesamehewa na hela ya mwenzake bado anayo mfukoni, huyo sijui tumwiteje.

Mtumie kwenye namba yake mwenyewe, usitume ya baba yake wala ya mjomba, hela ya binti ikipitia kwa mjomba unajua inavyofika. Na usimpe ile mitenge yako ya zamani na viatu vya watoto ukasema ndo sehemu ya tano. Nguo mpe kama unataka kumpa, hiyo ni nyingine.

Na kabla ya hela kuna maneno. Mkalishe mchana, siyo usiku akiwa amechoka, umwambie hela yako niliichukua bila kukuuliza nikalipia ada, nimekosa. Basi. Usiseme "kama nilikukwaza", unajua kabisa ulimkwaza. Usilie sana, ukilia ataanza kukubembeleza wewe na itakuwa kazi nyingine bila malipo. Na hili nakuomba sana, usimuulize pale pale kama amekusamehe. Dada wa kazi hawezi kumwambia bosi wake hapana, utakuwa umemlazimisha. Mwache asamehe kwa muda wake hata akiwa kwao, hata asiposamehe.

Pia usiende kutoa ushuhuda kwenye grupu la kwaya. Kuna mama mmoja kanisani kwetu huku alisimama kwenye ushirika akatubu kwamba kwa muda mrefu amemchukia fulani, akataja na jina, na fulani mwenyewe amekaa benchi la pili, ndo anajua siku hiyo kwamba alikuwa anachukiwa. Wamenuniana mpaka leo. Ya moyoni mwako ambayo hayajamgusa mtu yamalize na Mungu wako huko ndani. Yaliyomgusa mtu yamalize na huyo mtu. Ya kwenye kipaza sauti ni machache sana, mi naona.

Hizo nyingine ulizogusia, kwamba unasema niko njiani na bado unaoga, na yale ya "tumuombee dada fulani" halafu yanafuata maneno dakika ishirini, hizo nazo ni dhambi sikatai, ila usianze nazo. Ukianza na hizo utajisikia mtakatifu kabla hujagusa 144,000. Na hilo daftari funga. Badala yake waulize walio chini yako, maana walio juu yako hukuwakosea, unawaogopa. Muulize mama wa mboga kama unadaiwa. Muulize bodaboda wako, muulize mdogo wako uliyemuahidi nauli ya chuo, anajua atakachokuambia. Watoto wako ndo usiseme, ukiwauliza mama anawaudhi wapi watakupa orodha na mifano juu.

Mume wako mwambie pia, ada ni yenu wote. Asijifanye haya ni mambo ya jikoni.

Kuhusu hela, najua mwezi huu umebanwa na mshahara bado. Mi nina akiba kidogo ya zabibu za mavuno ya mwezi wa nane, naweza kukupa 100,000 kesho asubuhi wakala akifungua, 44,000 tafuta mwenyewe, hata ukiuza ile blenda usiyoitumia. Lakini nakukopesha, sikupi, na nimeshaandika kwenye daftari la duka, unirudishie mwisho wa mwezi wa kwanza. Mimi naweza kungoja hiyo Januari yako, shamba langu limeshalimwa.

Akipanda gari pale stendi ya Nanenane nitumie meseji, na hakikisha kaondoka na hela yote kwenye simu. Wajukuu wasalimie, mwambie yule mkubwa bibi anasema ajifunze kunyoosha yunifomu yake mwenyewe.

Mama yako,
Mvumi