Maswali ya Wasomaji: Kupima Mishipa Najua, Mbona Mtihani Umenishinda?

SWALI: Ndugu mwandishi, nina miaka sita nikipima mishipa ya damu kwa altrasaundi, na madaktari wanaoniletea wagonjwa huyaamini majibu yangu. Hata hivyo, nilipofanya mtihani wa cheti kwa mara ya kwanza nilifeli, na kilichoniangusha zaidi ni fizikia pamoja na maswali yanayoanza na "kwa nini". Nimebakiza wiki kumi kabla ya kurudia. Ninacho kitabu kikubwa, na ninalo daftari lililojaa namba za kukariri. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa matokeo, na hongera kwa kuamua kurudia. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu hali unayoieleza nimeiona kwa watu wengi wenye mkono mzuri kazini. Kazini mashine imekwisha kupangwa: unachagua karotidi, ateri ya shingoni, kwenye menyu, na frikwensi, kina na skeli vinajiweka vyenyewe. Mtihani unakunyang'anya mashine hiyo, kisha unakuuliza ingekuwaje kama kimojawapo kingebadilishwa. Kwa hiyo ningekuomba uliweke kando lile daftari kwa wiki tatu za mwanzo, na uanze na picha ulizozipiga kwa mkono wako mwenyewe.

Chukua pembe ya Dopla, yaani pembe kati ya wimbi la sauti na mwelekeo wa damu. Kila mpimaji anajua kwamba haipaswi kuzidi nyuzi 60, lakini ni wachache wanaoweza kueleza sababu yake bila kutazama kitabu. Mashine haipimi kasi ya damu moja kwa moja. Inapima badiliko la frikwensi kati ya wimbi lililotumwa na mwangwi uliorudi, kisha inakokotoa kasi kwa kugawanya badiliko hilo na kosaini ya pembe uliyoiweka wewe. Kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, na kuanzia hapo inaporomoka haraka mpaka kufika sifuri kwenye nyuzi 90. Tuseme damu inakwenda kwa sentimita 200 kwa sekunde, pembe halisi ni nyuzi 60, lakini wewe umekiweka kile kimstari cha kuonyesha mwelekeo wa damu kwenye nyuzi 65. Mashine itakuandikia takriban 237. Kosa lilelile la nyuzi tano likifanyika pale ambapo pembe halisi ni nyuzi 30, utasoma takriban 211 tu.

Sasa zitazame namba hizo kwa jicho la ripoti. Kwa vigezo vya karotidi ya ndani, tawi la karotidi kuu linalokwenda kwenye ubongo, vilivyokubaliwa na jopo la wataalamu nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, kasi ya sistoli, yaani moyo unaposukuma damu, ikiwa kati ya sentimita 125 na 230 kwa sekunde huashiria mshipa uliosinyaa kwa asilimia 50 hadi 69, na kasi inayozidi 230 huashiria asilimia 70 au zaidi. Mgonjwa wa sentimita 200 amehamishwa kundi kwa sababu ya kimstari kilichopinda kidogo, na kundi alilohamishiwa ndilo ambalo daktari huanza kulifikiria kwa ajili ya upasuaji. Mtu akishaliona jambo hilo, hahitaji tena kukariri nyuzi 60. Atazikumbuka kwa sababu anajua zinamlinda nani.

Jambo la pili ni lile wimbi linalokatwa kichwa juu ya kioo na kuchomoza upande wa chini wa mstari wa sifuri. Probu (kile kifaa cha mkononi kinachotuma sauti) ya megahezi 5, damu ya mita moja kwa sekunde na pembe ya nyuzi 60 hutoa badiliko la frikwensi la takriban hezi 3,250, ukichukua kasi ya sauti katika tishu laini kuwa mita 1,540 kwa sekunde. Ikiwa mashine inatuma mapigo 6,000 kwa sekunde, kikomo cha Nyquist, yaani badiliko kubwa zaidi ambalo mashine inaweza kulionyesha kwa usahihi, ni nusu yake, yaani hezi 3,000, na kilele cha wimbi hakina pa kukaa. Hapo ndipo maswali ya mtihani yanapozaliwa. Ukiongeza idadi ya mapigo, kikomo kinapanda. Ukishusha mstari wa sifuri, unaupa upande mmoja nafasi zaidi. Ukitumia probu ya megahezi 3, badiliko lenyewe linashuka hadi takriban hezi 1,950. Ukiulizwa kwa nini tatizo hili husumbua zaidi kwenye mishipa iliyo ndani sana ya tumbo, jibu ni kwamba mwangwi huhitaji takriban mikrosekunde 13 kwa kila sentimita ya kina, kwenda na kurudi, kwa hiyo mashine hulazimika kusubiri na haiwezi kutuma mapigo kwa wingi uleule.

Mazoezi yake ni haya, nami nimeyaona yakiwasaidia watu kuliko kusoma sura nzima usiku. Tafuta mwenzako mwenye afya aliyekubali kupimwa baada ya saa za kazi, ipate karotidi yake vizuri, kisha iharibu picha kwa makusudi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: skeli, pembe, ukubwa wa eneo la kupimia, frikwensi, kiasi cha kukuza mwangwi. Kabla hujagusa kitufe, andika unachotarajia kukiona. Pale utabiri wako unapokosea ndipo somo lako la siku hiyo lilipo, na ndipo kitabu kikubwa kinapofunguliwa.

Kuhusu namba, chache zinatosha, lakini zijue pamoja na mazingira yanayozifanya zidanganye. Karotidi ya upande mmoja ikiziba kabisa, damu nyingi hupitia upande wa pili, na kasi inaweza kupanda hapo kuliko ukubwa halisi wa tatizo. Moyo ukiwa dhaifu, kasi huwa ndogo hata mahali palipobana. Mshipa uliobaki na tundu la uzi tu unaweza kuonyesha kasi ya chini. Ndiyo maana uwiano wa kasi ya karotidi ya ndani na ile ya karotidi kuu upo kwenye vigezo, na ukizidi 4 unaunga mkono kundi la asilimia 70 na zaidi. Tofautisha pia kipenyo na eneo: mshipa wa mviringo uliopoteza asilimia 50 ya kipenyo umepoteza asilimia 75 ya eneo, na swali linaweza kutaja kimoja huku majibu yakipangwa kwa kingine.

Mwanafunzi mmoja niliyekaa naye alikuwa hodari wa namba, nikafunika kwa karatasi kila kilichoandikwa kwenye picha na kumwachia wimbi peke yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kusema: damu inaendelea kwenda mbele hata moyo unapopumzika, kwa hiyo huu ni mshipa unaolisha kiungo chenye ukinzani mdogo, pengine ubongo. Picha iliyofuata ilikuwa na vijimeno vidogo kwenye sehemu ya diastoli, yaani moyo unapopumzika, akatabasamu na kusema kwamba mtu alikuwa akigonga kwa kidole ateri ya kwenye panja, kwa hiyo hii ni karotidi ya nje, ambayo ateri hiyo ni tawi lake. Kuanzia siku hiyo alisoma mawimbi kama mtu anayesoma barua. Fanya hivyo kwa picha tano kila siku.

Ratiba yako ifuate uzito wa mada na wala isifuate mpangilio wa kurasa. Kwa wanaowania hati ya RVT (mtaalamu aliyesajiliwa wa kupima mishipa) ya ARDMS, taasisi ya Marekani inayosajili wapimaji wa altrasaundi, mitihani ni miwili, mmoja wa kanuni za altrasaundi na mwingine wa mishipa ya damu, na taasisi hutoa muhtasari unaoonyesha kila mada ina asilimia ngapi. Uchapishe na uubandike ukutani. Wiki nne za mwisho zitumie kwa maswali ya majaribio yenye kupimwa muda, na kwa kila swali andika pia kwa nini majibu mengine si sahihi. Kazi hiyo inachosha, usiiruke.

SWALI: Je, ile vena ya paja ambayo vitabu vya zamani viliiita "vena ya femorali ya juujuu" ni vena ya juujuu kweli? Majibu ya majaribio yamenichanganya.

JIBU: Hapana, ni vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) ya ndani, na jina hilo limewahi kuwa hatari, kwa sababu daktari akisoma kwamba bonge la damu liko kwenye vena "ya juujuu" anaweza kuona hakuna haja ya dawa. Siku hizi huitwa vena ya femorali tu. Iweke katika kundi moja na vena ya nyuma ya goti, na uitofautishe na vena kubwa ya safena, ambayo ndiyo ya juujuu.

Ukiwa kwenye vena, usiridhike na kubana kwa probu peke yake, ingawa vena isiyo na bonge hubanika. Mtihani hupenda kukuonyesha vena ya kinena inayobanika vizuri lakini mtiririko wake ni laini kama mstari, haupandi wala kushuka pamoja na pumzi. Hiyo ni dalili ya kwamba njia imezibwa au kubanwa juu zaidi, kwenye nyonga au tumboni, mahali ambapo probu haikufika. Kwa vali zinazovuja, shika muda wa damu kurudi nyuma: zaidi ya nusu sekunde kwa vena za juujuu, na zaidi ya sekunde moja kwa vena ya femorali na ile ya nyuma ya goti.

SWALI: Uwiano wa shinikizo la kifundo cha mguu na la mkono naukokotoa, lakini mara nyingi jibu langu halilingani na la kitabu. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda unachukua mkono usio sahihi. Kanuni ni shinikizo la juu zaidi kati ya ateri mbili za kifundo cha mguu unaoupima, ligawanywe na shinikizo la juu zaidi kati ya mikono miwili. Ikiwa mikono ina 120 na 140, na kifundo kina 118 na 112, jibu ni 118 kwa 140, yaani 0.84, ambalo ni tatizo kwa sababu halizidi 0.90. Ukichukua mkono wa 120 utapata 0.98, na mgonjwa ataonekana yuko mpakani tu. Jibu likizidi 1.40 usilifurahie: mara nyingi ni ateri iliyokakamaa kwa chokaa, hasa kwa mwenye kisukari, na pampu haiwezi kuibana. Hapo pima shinikizo la kidole gumba cha mguu, na uwiano wake ukiwa chini ya 0.70 uhesabu kuwa si wa kawaida.