Figo za mtoto kujaa maji kwenye skani

Dadangu wa Malindi uliyesema skani ya wiki 32 imeonyesha figo zote mbili za mtoto zimejaa maji na ni wa kiume, usipagawe ila usilale pia. Figo moja ikitanuka kidogo mara nyingi hutulia yenyewe, lakini zote mbili kwa mvulana na kibofu kimevimba, hapo waangalie kama kuna vali, kijinyama kinachoziba njia ya mkojo, na uliza maji ya uzazi yako vipi maana yakipungua sana mapafu ya mtoto hayakui sawasawa. Wangu alikuwa hivyo, namfungua nepi nangoja, yatoka matone matone kama mfereji ulioishiwa maji, na wamama wodini ooh si amekojoa huyo. Wakamtia mpira wa mkojo, wakampiga eksirei ya kibofu kikiwa kimetiwa dawa ya kuonyesha njia, halafu vali ikakatwa kwa kamera ndogo, tumbo halikupasuliwa. Skani ya siku ya kwanza baada ya kuzaliwa ikitoka safi usiiamini sana, mkojo wa mtoto bado kidogo, irudiwe baada ya siku 2 hivi. Kazalie panapo daktari wa upasuaji wa watoto, hata ikibidi Mombasa, na uende mapema si usiku uchungu umeshaanza.