Maswali na Majibu: Kufundisha Uchambuzi wa Data kwa Mbali

Nianze na Excel au Python (lugha ya kuandikia programu)?

Kila mara swali ni hili, na kila mara mwulizaji hasemi wanafunzi wake wanafanya kazi gani. Mhasibu anayeshinda kwenye Excel, anza naye hapo hapo.

Nina slaidi 80 za kipindi cha saa mbili. Zinatosha?

Zimezidi. Mwanafunzi ndiye aonyeshe skrini yake, wewe umwelekeze. Mtu mzima hajifunzi fomula kwa kukutazama ukiiandika.

Wanafunzi wanalalamika kuwa data niliyowapa imevurugika. Niwasafishie kwanza?

Usithubutu! Huko kusafisha ndiko kazi yenyewe, na ndiko wakufunzi wengi wanakokukwepa. Wape safu yenye 03/04/2024 waamue kama ni Machi au Aprili, tena waeleze wamejuaje. Wape namba zilizohifadhiwa kama maandishi: zinaegemea kushoto mwa seli, na SUM, fomula ya kujumlisha, inazipita kimya kimya bila kuonyesha kosa lolote. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu visa 16,000 vya Covid-19 vilikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu faili za muundo wa zamani wa Excel hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kukachelewa. Anayezoea data safi ya darasani hawezi kushtuka mistari ikipungua. Kwa hiyo wafundishe kuhesabu mistari kabla na baada ya kila hatua, hata wakichoka kukusikia.

Kamera zimezimwa, hakuna anayeuliza. Ni wavivu?

Si uvivu. Wengi wanaogopa kuaibika mbele ya wenzao wa kazini, pengine bosi naye yumo. Acha kuuliza “mmeelewa?” maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza: “Seli B7 imekupa ngapi?” Kisha wagawe wawili wawili, nawe upite kwa kila kundi. Na mwajiri akitaka uwafundishe watu 60 kwa mkupuo, kataa, hutaweza kuwapitia.

Naweza kutumia data ya wateja wa ofisini kwa mazoezi? Nitafuta majina.

Hapana. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mahali anapoishi mtu mara nyingi vinatosha kumtambulisha. Tunga data yako, au tumia data huria ya Benki ya Dunia. Na kama faili hilo umeshawatumia wanafunzi, mjulishe mwajiri wako leo.