Mama unayefundisha nyumbani, punguza vipindi

Mama mmoja wa Nachingwea amenitumia ujumbe usiku wa manane. Ana watoto watatu, mmoja ana kifafa na hajakanyaga darasani tangu muhula uanze, na mama huyo huyo ndiye mwalimu, mpishi na muuguzi. Aliandika: "Dada, nimechoka mpaka sitaki kuliona daftari." Nimeshamjibu, lakini jibu lilikuwa refu nikaona niliweke hapa, maana najua mko wengi, Masasi, Newala mpaka Kilwa, mnaoubeba mzigo huu kimyakimya.

Mwanangu wa kwanza ana seli mundu, yaani sikoseli. Mwenye mgonjwa wa seli mundu haelezwi. Baridi ya Juni na Julai, kusi likivuma hapa Mikindani, maumivu yanamkamata miguuni na mgongoni, analia usiku kucha, na shule hapo haipo tena. Darasa la kwanza alikuwa wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Siku moja mwalimu akaniambia mbele ya wazazi wenzangu kwamba mtoto wa namna hii heri abaki nyumbani, asije akashusha wastani wa darasa. Miaka imepita na maneno hayo bado yananichoma. Sikumjibu. Nilimshika mwanangu mkono tukarudi zetu, na wiki ile ile tukaanza kusoma barazani, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye mkeka na daftari lake.

Shuleni sikumtoa, na wewe usimtoe mwanao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka 7, na isitoshe, siku mwanao akipata nafuu atahitaji pa kurudi. Mwalimu mkuu nilimkuta muungwana. Nilikwenda na cheti cha daktari, tukakubaliana jina libaki kwenye rejista, mtoto aende siku anazoweza na mitihani afanyie pale pale. Mwaka jana alifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Matokeo yalipotoka nilisimama barabarani nikapiga vigelegele peke yangu. B ya hisabati! Yule waliyesema atashusha wastani.

Sasa turudi kwa mama wa Nachingwea. Ananiambia kabandika ukutani ratiba ya vipindi vinane, asubuhi mpaka saa tisa, na kila siku anashindwa kuimaliza, kila siku analala na hatia. Mwenzangu, uchovu wako umeanzia hapo kwenye ratiba. Kipindi cha dakika 40 darasani kina kuita majina, kugawa vitabu, kunyamazisha watoto na kusubiri wa nyuma. Wewe una mtoto mmoja mbele yako. Nusu saa ya kusoma, nusu saa ya hesabu, akiwa ameshiba na haumwi, inatosha kabisa kwa mtoto wa madarasa ya chini. Mimi ndivyo nilivyofanya na ndivyo ninavyofanya mpaka leo kwa mdogo wake.

Mengine yanaingia yenyewe kwenye kazi za nyumbani. Mama yangu ana mikorosho upande wa Nanguruwe. Msimu mmoja alikuja mnunuzi wa kangomba, wale wanaozunguka vijijini kuwarubuni wakulima kabla ya mnada, akataka gunia zima kwa shilingi 1,800 kwa kilo. Nikamwambia mwanangu achukue daftari. Gunia la kilo 80 kwa bei ile, sh 144,000. Kisha nikamwambia tuseme mnadani kilo itafika sh 3,000. Akazidisha taratibu, akafuta, akarudia, akapata sh 240,000. Akatoa. Akamtazama yule baba usoni, akamuuliza, "Hizi elfu tisini na sita zinabaki kwa nani?" Mnunuzi akabeba mzani wake akaondoka. Korosho tukazipeleka chama cha msingi cha ushirika zikauzwe mnadani, na makato yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya malipo alitusomea mwanangu. Tangu siku ile hesabu za kutoa sikumlazimisha tena.

Na historia hivyo hivyo. Alisikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, mnyama mkubwa wa kale, akawa ananisumbua kutwa. Nikamweleza kwamba mifupa ile ilichimbwa hapa kwetu, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, na kwamba wapagazi, babu zetu, waliibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa meli kwenda Berlin, na iko huko mpaka leo. Yule mkubwa kuliko wote amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. "Mita 13 ni wapi na wapi?" Tukachukua futi kamba yangu ya kushonea, tukapima kamba ya kuanikia nguo mita moja moja, tukailaza mchangani kutoka mlango wa jiko. Ilivuka uwanja wetu ikaingia kwa jirani. Siku hiyo alijifunza vipimo, historia, na jinsi vitu vyetu vinavyoondoka, nami nilikuwa namalizia sare za watu.

Siku ya maumivu hakuna kusoma. Maji mengi, dawa, blanketi, basi. Usimwambie "angalau ukurasa mmoja". Na siku ambayo wewe mwenyewe mwili umekataa, ni hivyo hivyo, funga daftari. Mwachie bibi yake amsimulie hadithi, paukwa pakawa, naye akishamaliza amsimulie bibi ile aliyoisoma jana. Hilo nalo ni somo.

Wapo watakaokusema. Wifi atasema unamdekeza, jirani atasema unajifanya mwalimu. Wasamehe, ila usiwape nafasi ya kukupangia siku yako. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020 mpaka mwishoni mwa Juni, wengi wao waliionja kazi hii kidogo tu wakapiga kelele. Wewe unaifanya mwaka hadi mwaka. Na akina baba mnaosoma hapa: kumnunulia mtoto madaftari hakutoshi. Rudi mapema siku moja, kaa naye, msikilize anavyosoma, mkeo akalale.

Mama wa Nachingwea, bandua hiyo ratiba. Mpaka msimu wa korosho uishe, kusoma na hesabu tu. Jumatatu nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha kliniki ya kifafa, muulize mwanao atafanyaje mitihani. Vitabu vya kiada vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Simu yako ikigoma kuvifungua niambie ni darasa la ngapi, nitakutumia kurasa unazozihitaji.