Baba mkwe alipigana Vietnam: tunamwombeaje nafasi katika makao ya maveterani?

SWALI: Mimi ni Mkenya, naishi Minneapolis na mume wangu ambaye ni Mmarekani. Baba mkwe ana miaka 78. Alikuwa jeshini na alipigana Vietnam mwaka 1968 na 1969. Ana kisukari na presha, mwaka jana akapata kiharusi. Sasa hawezi kuoga wala kuvaa bila kusaidiwa, na anasahau sana. Tumesikia kuna makao ya serikali ya maveterani na kwamba ni bure. Tunaombaje? Mama mkwe anaweza kwenda naye? Na je, tuhamishie nyumba yao kwa jina la mume wangu kabla ya kuomba?

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na nyumba, maana hapo ndipo kuna haraka: msiihamishe kabla ya kuonana na wakili wa masuala ya wazee. Mkija kuomba Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, watakagua mali iliyotolewa au kuuzwa kwa bei ya kutupa katika miaka 5 iliyopita. Mkiomba pensheni ya VA, idara ya serikali kuu inayohudumia maveterani, ukaguzi ni wa miaka 3. Kumpa mtoto nyumba ni jambo la kawaida kabisa katika familia, lakini mbele ya maafisa hao linaweza kumnyima mzee msaada kwa miezi mingi.

Kuhusu bure, jibu linategemea hali ya mzee mwenyewe. Makao mnayoyasikia ni ya jimbo, na jimbo ndilo linalopokea maombi na kupanga ada. VA huyakagua na kuyalipa kiasi fulani kwa kila siku ambayo veterani anayestahili analala pale. Kwa wengi malipo hayo hupunguza gharama tu, na familia humalizia. Msiitegemee Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa utunzaji wa kudumu. Katika nyumba ya wauguzi huishia siku 100, tena kwa masharti ya matibabu maalumu.

Ila veterani ambaye VA imempa asilimia 70 au zaidi ya ulemavu uliotokana na utumishi wake jeshini, VA huyalipa makao hayo gharama yote ya uuguzi, na makao hayaruhusiwi kumdai kwa huduma hiyo. Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: baba ana asilimia ngapi? Nakutana na familia nyingi zinazohangaika na foleni ya kitanda, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa aliyekanyaga Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975, VA inachukulia kwamba aliguswa na Agent Orange, ile dawa ya kuua mimea. Kisukari cha aina ya pili kimo katika orodha ya magonjwa yanayohesabiwa kutokana nayo, na sheria ya PACT ya 2022 iliongeza presha. Hatakiwi kuthibitisha kwamba alinyunyiziwa. Kiharusi nacho kinaweza kudaiwa kama tokeo la presha au kisukari, daktari akiandika hivyo kwa maelezo ya kitabibu. Asilimia hizo hazijumlishwi kama hesabu ya shuleni: 50 na 30 huleta 65, kisha VA huipandisha kuwa 70. Wasilisheni taarifa ya nia ya kudai wiki hii. Inawalindia tarehe ya kuanzia malipo kwa mwaka mmoja huku mkikusanya vyeti.

Msisubiri uamuzi wa dai ndipo muombe nafasi. Nendeni kwa afisa wa maveterani wa kaunti yenu, maana Minnesota kila kaunti ina wake na huduma yake ni bure. Mtu akiwatoza pesa kwa kujaza dai la mara ya kwanza, ondokeni, sheria hairuhusu. Bebeni DD 214, yaani cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho kisiwe cha kufukuzwa kwa aibu. Kikiwa kimepotea, ombeni nakala katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis. Moto wa 1973 pale uliteketeza kumbukumbu nyingi za jeshi la nchi kavu, lakini ni za walioachishwa kabla ya 1960, hivyo za baba hazimo.

Mtajaza fomu ya jimbo, fomu 10-10EZ ya VA, na 10-10SH ambayo ina sehemu ya kitabibu. Mwombeni daktari asiishie kwenye majina ya magonjwa. Aandike kwamba hawezi kuoga, hawezi kuvaa, anasahau kumeza dawa. Kama huamka usiku akatoka nje, au humpiga anayemsaidia, semeni. Najua mnaona haya kumwaibisha mzee, lakini makao yanahitaji kujua kama yana kitengo kinachomfaa. Yakigundua baadaye, mnaweza kurudishwa mwanzo. Na kama bado anaelewa anachosaini, aandikiwe sasa hati ya kisheria ya kumteua wa kumwakilisha. Akishapoteza ufahamu, itabidi mwende mahakamani.

Mama mkwe anaweza kukubaliwa kama mke wa veterani, ikiwa naye anahitaji utunzaji na nafasi ipo. Makao yaliyojengwa kwa ruzuku ya VA lazima asilimia 75 ya wakazi wake wawe maveterani, kwa hiyo nafasi za wake na waume huwa chache. Malipo ya VA hayamhusu yeye, basi ada yake ni kubwa zaidi. Akiwa bado anajiweza, ulizeni jimbo litamwachia kiasi gani cha kipato cha mumewe ili aendelee kuishi nyumbani kwake, na mpate jibu hilo kwa maandishi kabla baba hajahamia.