Siku nne Matema: msiishie ufukweni, pangeni muipate Jumamosi ya vyungu

Mkuu, umesema mmeshalipia nyumba ya mapumziko ya ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, siku nne, wewe na mkeo, watoto wawili na mama yako mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Unahofia kwamba baada ya siku ya kwanza ya kuogelea mtabaki mnatazamana. Mimi ni mkazi wa Tukuyu na Matema nimekwenda mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa na mama yangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu inaniuma kuona watu wanatoka mbali, wanapiga picha za machweo, halafu wanageuza bila kuingia hata kijiji kimoja.

Kama tarehe bado zinasogezeka, hakikisha kuna Jumamosi ndani yake. Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu Lyulilo, kijiji kinachofuata upande wa mashariki wa Matema, kama kilomita mbili ukifuata ziwa. Wakisi, kabila la wafinyanzi wa mwambao huu, huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, vimepangwa vikubwa chini na vidogo juu, na wachuuzi wanavichukua kuvipeleka Kyela, Tukuyu hadi Mbeya mjini. Fikeni asubuhi. Jua likishakuwa kali vizuri vimeshaondoka.

Lakini soko ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko Ikombe, vinakofinyangwa, mbele ya Lyulilo chini ya Milima ya Livingstone. Milima pale inashuka moja kwa moja ziwani, kwa hiyo njia ya kawaida ni ya maji. Sisi tulikodi boti ya injini, tukaelewana bei kabla ya kupanda, na nilikataa kuondoka mpaka kila mtu amepata jaketi la kujiokolea. Nawe ukatae. Ziwa Nyasa linafika kina cha karibu mita 700, na upande huo wa milima hakuna kina kifupi cha kukimbilia.

Mama yangu alikaa Ikombe saa mbili nzima kwenye kigoda, pembeni ya mfinyanzi mmoja wa makamo. Yule mama hakuwa na gurudumu wala mashine. Alikuwa na kigae kipana chini, bonge la udongo juu yake, na mikono. Mkono mmoja ndani unasukuma, mwingine nje unapokea, huku kigae kikizungushwa kidogokidogo, na ukuta wa chungu unapanda wenyewe. Kisha akachukua kokoto laini ya ziwani, akaanza kusugua mpaka udongo ukang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ile kokoto ilikuwa imelika upande mmoja. Alituambia aliachiwa na mama yake.

Mama yangu alikulia kwenye nyumba ambayo maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wa Kikisi, na alikuwa hajawahi kuona unavyotengenezwa. Alishika chungu kimoja ambacho hakijachomwa, akakirudisha taratibu, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu. Kwa safari hiyo peke yake ningerudi tena.

Ukinunua chungu, kigonge kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Usikitie mchuzi siku ya kwanza, chemsha kwanza uji mzito ndani yake uzibe vitundu. Na omba wakufungie kwa majani makavu ya migomba. Mara yangu ya kwanza nilivipanga kwenye buti la gari na magazeti tu, vitatu kati ya vitano vikavunjika kabla ya kufika Ipinda, mji mdogo ulio njiani kutoka Matema.

Kosa nililofanya mimi usilirudie: tulichelewa kuondoka Ikombe. Baada ya saa nane mchana upepo wa kusini ukaanza, mawimbi yakawa yanaingia botini, na watoto wa dada yangu walilia njia nzima. Nahodha alikuwa ametuonya, ni mimi niliyeng'ang'ania tumalize kula. Ondokeni saa moja asubuhi, saa sita muwe mmerudi. Kwa mama yako, boti inasogezwa hadi kwenye kokoto na vijana wanamshika mkono. Njia ya kupanda mlimani ndiyo asijaribu. Kwenye maporomoko ya maji yaliyoko juu ya Matema nenda na mkeo na watoto, yeye abaki kivulini.

Kuhusu kuogelea, mchanga wa Matema ni mzuri kweli, ila kaeni mbali na matete na mbali na mdomo wa mto Lufilyo. Kwenye maji yaliyotulia kuna kichocho, na mdomoni mwa mto wenyeji watakwambia habari za mamba. Wasikilizeni.

Siku moja iacheni kwa ajili ya vijiji vya ndani, kurudi upande wa Ipinda. Hapa ndipo kwenye mpunga wa Kyela na mikakao. Mikakao hii imekaa chini ya migomba, na nyuani utakuta mbegu zimeanikwa kwenye majamvi, zina harufu kali kidogo, kama pombe changa, kwa sababu huvundikwa kwanza ndiyo zianikwe. Msalimieni mwenye shamba kwa Kinyakyusa, "mugonile", mumwombe awapasulie tunda moja. Watoto wanyonye ule utando mweupe unaozunguka mbegu. Ni mtamu wenye uchachu, na hauna ladha ya chokoleti hata kidogo. Mpwa wangu alibishana na mwenye shamba kwamba hiyo siyo kakao.

Chakula msihangaike, ulizeni samaki aitwaye mbasa na wali wa Kyela. Dagaa wa ziwani wapo pia.

Njia ya kwenda, kutoka Mbeya piteni Uyole, Tukuyu, Kikusya, kisha Ipinda hadi Matema, kipande cha mwisho, kuanzia Kikusya, ni kama kilomita 39 za lami. Tukuyu mtatamani masweta, Matema mtatamani kulala nje: ziwa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari wakati Mlima Rungwe unaouacha nyuma una mita 2,960. Epukeni Aprili, mvua ya Kyela mwezi huo si ya utani. Juni hadi Oktoba ni salama zaidi, ingawa upepo wa mchana ndipo unapozidi.

Siku ya kurudi, kama hakujanyesha, piteni eneo liitwalo Masoko badala ya barabara kuu. Kuna Ziwa Kisiba, ziwa la volkano lenye duara karibu kamili, na jirani yake boma la Wajerumani. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha na silaha ziwani humo walipokuwa wanakimbia. Gari linafika karibu kabisa na maji, kwa hiyo mama ataona kila kitu bila kupanda popote. Mwambieni dereva aende polepole kwenye kona za kupandia Tukuyu, na vyungu viwe miguuni pa mama, siyo kwenye buti.